SOMO: MASHIMO YALIYOACHWA NA MIMEA ADIMU YA KINAMASI



Katika orodha za mali za vyama vya msingi huonekana mara kwa mara mashimo ya zamani ya udongo wa matofali, nayo huandikiwa neno moja tu: "hayatumiki". Kabla ya kuyafukia, yafaa tusome habari za mashimo ya Norfolk, mashariki ya Uingereza.

Huko yako maziwa mengi mapana yasiyo na kina kirefu, ambayo kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa kazi ya maumbile. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa mimea, Bibi Joyce Lambert, alitoboa matope ya chini mahali pengi, akakuta kuta zilizosimama wima na kingo za udongo usioguswa. Maji hayachimbi namna hiyo. Ikabainika kuwa wanavijiji wa zamani, hadi karne ya 14, walichimba pale udongo mweusi wa mimea iliyooza nusu, wakaukausha na kuuchoma badala ya kuni, mpaka maji yalipopanda yakawafukuza.

Uchimbaji mdogo uliendelea kandokando ya maziwa hayo, hasa katika karne ya 19. Vidimbwi vyake vilipojaa maji, matete na majani ya jamii ya ndago yalitanda juu yake kama mkeka unaoelea. Juu ya mkeka huo ikaota okidi ndogo yenye maua ya rangi ya kijani na manjano, Liparis loeselii, ambayo leo ni adimu na inalindwa kwa sheria.

Hapa ndipo penye somo. Okidi hiyo haivumilii kivuli. Wanavijiji walipokuwa wakikata matete na ndago za kuezekea nyumba, ilipata mwanga. Kazi hiyo ilipopungua katika karne ya 20, vichaka vilisonga, na okidi ikatoweka katika vinamasi vingi. Iliachwa tu. Siku hizi watunzaji hulipia ukataji ambao zamani mwezekaji aliufanya kwa ajili ya paa lake mwenyewe.

Si kila shimo la chama lenye hazina. Mengine, tuseme kweli, huzaa mbu tu. Lakini katibu na aende huko baada ya mvua pamoja na mzee ajuaye majina ya majani, waandike yaliyoota na ni nani huyakata, kisha taarifa hiyo isomwe mkutanoni kabla ya kura ya kufukia kupigwa.