Jongoo Bahari si Jongoo: Jina, Umbile na Uainishaji wa Holothuriidae

Makala haya yanajadili kasoro ya istilahi inayodhihirika zaidi bara kuliko pwani. Mwanafunzi wa Ifakara akikutana na jina "jongoo bahari" humfikiria jongoo anayemjua: yule ajitokezaye mvua zinapoanza katika bonde la Kilombero, mwenye pingili na miguu mingi, ajikunjaye anapoguswa. Mvuvi wa Mafia, mkabala na delta ya Rufiji ambamo maji ya Kilombero hatimaye huingia baharini, hana tatizo hilo. Mnyama mwenyewe amemshika mkononi.

Umbile linalikanusha jina. Jongoo ni athropoda. Jongoo bahari yumo katika faila moja na kiti cha pweza: mwili umepangika kwa mafungu matano, hauna pingili, na viguu vyake laini huendeshwa kwa msukumo wa maji. Badala ya kiunzi ana vijifupa vya chokaa vilivyotawanyika ngozini, visivyoonekana ila kwa hadubini, na maumbo ya vijifupa hivyo husaidia sana kutenganisha spishi. Familia ya Holothuriidae ina fungu moja tu la mirija ya uzazi, upande wa kushoto; Stichopodidae wana mafungu mawili. Ndani ya Holothuriidae, Actinopyga wana meno matano ya chokaa kwenye tundu la haja, na Bohadschia hurusha nyuzi zinazonata wanapochokozwa. Jongoo mchanga (Holothuria scabra), aliyeelezwa na Jaeger mwaka 1833, hana nyuzi hizo. Familia hizo mbili ziliwekwa katika oda moja, Aspidochirotida, hadi mwaka 2017 ushahidi wa jeni ulipozitenga: Holothuriida na Synallactida.

Je, sitiari ndiyo yenye kosa? Sidhani. Waingereza humwita mnyama huyuhuyu tango, wala hakuna amdhaniaye mmea. Kiti cha pweza nacho hakijulikani Ifakara, lakini nani atakitafutia miguu minne? Sitiari inayovuka kutoka mmea au samani hadi mnyama hujilinda yenyewe. Ya jongoo hubaki miongoni mwa wanyama, na kikumushi "bahari" husomeka kama kibainishi cha aina, sawa na "mchanga" katika "jongoo mchanga", ambaye kweli ni aina ya jongoo bahari.

Kuliacha jina lililokwisha kuota mizizi na kutohoa la Kilatini ni hasara. Kinachopaswa kurekebishwa ni fasili ya kamusi, nayo ianze hivi: mnyama wa baharini, jamaa ya kiti cha pweza, mwenye mwili mrefu laini usio na pingili.