Sili, Sipendi, Nimekinai

Tuseme, ndugu msomaji, mmoja wetu amealikwa kula Bilpam, huko Juba yaliko makao makuu ya jeshi la Sudan Kusini. (Jina hilo lilitoka kambi ya Bilpam upande wa Ethiopia, ambako jeshi la waasi wa SPLA lilijikusanya mwaka 1983.) Sinia yaletwa: asida, ambayo sisi twaiita ugali, na mchuzi wa samaki. Mgeni wetu hali samaki. Aseme nini?

Akisema "Sipendi", amekwisha kuharibu, maana neno hilo humwangukia mpishi. "Sitaki" ni baya zaidi. Hilo ni neno la mtoto anayelia. "Siwezi" litajibiwa, "Jaribu kidogo!" Bali "Sili samaki" halimgusi mtu. Laeleza desturi ya mlaji, ya jana na ya kesho, wala halikitii ila chakula.

"Nimeshiba" ni neno la adabu kwa aliyekula. Asiyegusa hata tonge moja akilisema, amedanganya mbele ya sinia. Na jihadharini na "Nimekinai", ambalo wanafunzi hulipenda wakidhani ni shukrani ya Kiswahili safi. Kukinai ni kushiba hata chakula kikachukiza!

Neno lenye nguvu kuliko yote ni mwiko. Ndio ule wa kusongea ugali, na ndio pia katazo la chakula, liwe la ukoo au la mganga. "Samaki ni mwiko wangu," mtu husema, na hapo ubishi umekwisha.

Wanuer na Wadinka wana neno lao, thek. Evans-Pritchard, mtaalamu Mwingereza aliyekaa kwa Wanuer katika miaka ya 1930, aliona kuwa ukoo wenye mnyama wake haumli, nao husema wanamheshimu. Neno ni hilo hilo kwa kijana asiyekula mbele ya wakwe zake. Mwiko wetu wakataza, thek yaheshimu. Kwa hiyo anayeacha chakula huko huenda hakidharau hata kidogo, na mwenyeji wake alijua hayo tangu utotoni.

Siku hizi wengi husingizia daktari. Kama kweli amekukataza, sema. Kama hakukukataza, utakutwa kesho sokoni na samaki mkononi.

Basi mgeni wetu na anawe, aseme, "Samaki sili, lakini asida hii nitaimaliza," akate tonge.