Hedifoni za kuzima kelele: zinasaidia, lakini zisikufunge

SWALI: Daktari, naomba ushauri. Nina genge Uyole, Mbeya, kando ya barabara kuu. Mwaka juzi nilinusurika kwenye Coaster iliyogongwa na lori lililofeli breki. Tangu hapo, lori likiachia upepo wa breki tu, moyo unaenda mbio, natetemeka, naona kabisa kwamba nakufa. Kaka yangu aliyeko Muscat amenitumia hedifoni za kuzima kelele. Nikizivaa napata nafuu, ila sasa siwezi kufungua genge bila hizo, na Iringa kwa mama sijaenda miezi saba. Je, hii ni tiba?

JIBU: Pole sana, mwanangu. Si tiba. Lakini usizitupe.

Ulichonacho kinaelekea kuwa kiwewe. Siku ile ubongo wako uliifunga sauti ya breki pamoja na kifo, na mpaka leo haujaambiwa kwamba ajali imekwisha. Wewe si mwoga. Wengi huku bado wanakumbuka Changarawe, pale Mafinga, Machi 2015, kontena lilipoliangukia basi lililotoka Mbeya na kuua zaidi ya watu 40. Baada ya ajali tunahesabu waliofariki; aliyetoka mzima tunamwambia amshukuru Mungu, basi, anarudi nyumbani na kelele zake kichwani.

Sasa hedifoni. Ndani yake kuna vinasa sauti vidogo vinavyosikia mngurumo wa nje, kisha kifaa kinatoa wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili yanafutana. Ujanja huo ulianza kuuzwa kwa marubani, na hadi leo unaweza zaidi sauti nzito ya mfululizo: injini, jenereta, mashine ya kusaga. Sauti ya ghafla, kama ile breki inayokutisha, ikipungua ni hasa kwa sababu sikio limezibwa na sponji. (Anayetaka kununua sokoni Mwanjelwa azijaribu kwanza karibu na feni, bila muziki. Akiwasha swichi na mvumo usipopungua, ananunua jina tu.)

Tatizo lako liko kwenye maneno uliyoandika mwenyewe: “siwezi kufungua genge bila hizo.” Hofu kali hupanda, hufika kileleni mara nyingi ndani ya dakika kumi, kisha hushuka yenyewe. Ukikimbilia hedifoni kila inapopanda, hupati nafasi ya kuiona ikishuka, na ubongo unahitimisha kwamba umepona kwa sababu ya hedifoni. Kesho unaogopa zaidi. Tena, masikio yanayozibwa kutwa huanza kuona hata kelele ya kawaida ni kubwa. Na tafadhali, usivuke barabara ya Uyole umezivaa, bajaji haikungoji.

Zitumie kama gongo la aliyevunjika mguu. Genge likiwa tulivu, zivue dakika tano. Lori likipita, toa pumzi taratibu, ndefu kuliko uliyovuta, na ujiambie kwa sauti: hili ni lori, liko barabarani, mimi niko gengeni napanga nyanya. Ukizoea, zifanye kumi.

Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtu aliyefunzwa, anayekurudisha kwenye tukio kidogo kidogo mpaka lipoe. Mashariki mwa Kongo, utafiti wa wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapa baadhi yao tiba ya mazungumzo: kikao kimoja cha faragha na 11 vya kikundi. Miezi sita baada ya tiba, waliobaki na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa walikuwa asilimia 9, dhidi ya 42 kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja. Na waliowahudumia hawakuwa madaktari bingwa.

Kwa hiyo nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, uliza huduma ya afya ya akili. Wakupime pia moyo na tezi ya shingo, maana nayo huleta mapigo ya mbio. Huenda ukapewa dawa kama sertraline, ambayo huchukua wiki kadhaa kufanya kazi. Diazepam ya kununua dukani achana nayo, na pombe ya kangara au ulanzi ya kutafutia usingizi vilevile. Likikujia wazo la kujiua, usingoje siku ya kliniki; nenda siku hiyohiyo, na mtu akusindikize.

Safari ya Iringa ivunje vipande. Wiki ya kwanza panda gari na mtu unayemwamini hadi Igawa, mrudi. Ikizoeleka, Makambako. Hedifoni ziwe kwenye mkoba, si masikioni. Zivae ukizidiwa tu, uzivue hali ikitulia. Kabla ya Mafinga mpigie mama simu, azungumze nawe mpaka mpite Changarawe.