Muwasho Usio na Jina: Vidokezo 8 kwa Aliye Kwenye Tiba ya Saratani

Ratiba umeshaizoea: damu inapimwa, dripu inatundikwa, unarudi nyumbani na mfuko wa dawa za kuzuia kutapika. Halafu usiku mmoja, saa nane, mgongo unaanza kuwasha. Kukicha, kifua kimejaa vipele, na kila anayekuja kukujulia hali ana jina lake. "Hiyo harara tu." "Si ulikula dagaa wewe?" "Sumu ya kemo hiyo, inatoka." Daktari naye anatazama, anasema, "Hebu tuone kwanza."

Muwasho usio na jina una chanzo chake, hata kama hakijapatikana. Vidokezo hivi ni vya kukupa usingizi kikiwa bado kinatafutwa, na kukufanya nawe uwe mmoja wa wanaokitafuta.

1. Piga picha kabla ya kupaka chochote

Vipele vina tabia ya kutoweka siku ya kliniki. Vipige picha mchana, karibu na dirisha: moja ya karibu, moja ya mbali. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri ule "wekundu" wa kwenye vipeperushi. Kwetu huonekana kama weusi uliokolea, zambarau au kijivu, na mara nyingine kiganja huhisi joto na mikwaruzo kabla jicho halijaona kitu. Ukishapaka mafuta ya aina tatu, daktari hatajua kipi kilianza chenyewe na kipi umekileta wewe.

2. Hesabu siku

Andika kwenye daftari tarehe ya dripu, siku muwasho ulipoanza, na mahali ulipoanzia. Dawa nyingi zina mwendo wake. Erlotinibu hupenda kuleta vipele kama chunusi usoni na kifuani, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Kapesitabini huandama viganja na nyayo. Bleomisini huweza kuacha michirizi myeusi kama alama za mjeledi, hasa pale ulipojikuna. Madhara ya mionzi kwa kawaida hayavuki sana eneo lililopigwa. Na ikiwa unapewa deksamethasoni pamoja na kemo, kumbuka kwamba hiyo pia hutuliza muwasho. Ikiisha, kilichokuwa kimejificha huweza kujitokeza.

3. Usiishutumu kemo peke yake

Washukiwa ni wengi. Zipo antibayotiki, hasa za jamii ya salfa kama Septrini. Ipo alopurinoli. Ipo morfini, inayoweza kuwasha bila kipele hata kimoja. Mwili ukiwasha huku macho yana umanjano na mkojo una rangi ya chai ya rangi, ini lichunguzwe haraka.

Kisha tazama nyumbani. Muwasho unaozidi usiku, uko katikati ya vidole na kiunoni, na wenzako wa chumbani nao wanajikuna? Huenda ni upele wa kuambukiza, na dawa yake hutumiwa na nyumba nzima siku moja, mashuka na nguo zikifuliwa. Malengelenge yenye maumivu yaliyojipanga upande mmoja wa mwili yanaweza kuwa mkanda wa jeshi, ambao hupenda kuvizia kinga ikishuka. Dawa yake hufanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 72, kwa hiyo usingoje wiki iishe.

4. Oga kama unayemwogesha mtoto mchanga

Maji yawe ya uvuguvugu, dakika 5 hadi 10 zinatosha, na sabuni iwe isiyo na manukato. Sabuni ya mche ibaki kwenye beseni la nguo, na dodoki lipumzike. Jikaushe kwa kugusagusa taulo, bila kusugua, kisha paka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Kama uko kwenye mionzi, muulize kwanza mtaalamu upake nini na saa ngapi. Na khanga mpya, hata ikiwa na maneno matamu kiasi gani, ifue kwanza: wanga na rangi yake ya dukani huchokoza ngozi iliyochoka.

5. Jikune bila kucha

Kata kucha ziwe fupi. Panapowasha, weka kitambaa kilicholoweshwa maji baridi kwa dakika 10, au pigapiga kwa kiganja. Losheni ikikaa kwenye friji, hupoza maradufu. Usiku vaa soksi mikononi; acha wacheke. Kemo inaposhusha chembe nyeupe za damu, kila mkwaruzo ni mlango wazi kwa bakteria, na kuufunga mlango huo kazi yake ni kubwa kuliko kuvumilia.

6. Dawa za muwasho zina adabu zake

Piriton huleta usingizi: yafaa kitandani, haifai juu ya bodaboda. Setirizini kwa kawaida hulewesha kidogo kuliko hiyo. Hata hivyo, uliza wodini kwanza, maana dawa zako tayari ni nyingi. Zile krimu za dukani zinazochanganya steroidi kali, dawa ya fangasi na antibayotiki ziogope zaidi: hutuliza leo, huficha ugonjwa kesho. Vivyo hivyo mwarobaini na mshubiri. Kuvipaka kwenye ngozi iliyochubuka kunaweza kuichoma, na kuvinywa ni jambo jingine kabisa, kwani mitishamba mingine huingilia kazi ya dawa za saratani. Kama umeshakunywa, mwambie daktari. Si kosa la kufichwa.

7. Onyesha pote

Mficha uchi hazai. Vipele vya sehemu za siri, chini ya matiti, kichwani na mdomoni vinaweza kuwa ndivyo vitakavyotoa jibu. Uliza waziwazi: dawa ipi inashukiwa? Niendelee nayo? Naweza kumwona mtaalamu wa ngozi? Hospitali ya KCMC, Moshi, ina kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, kwa hiyo ujuzi huo hauko mbali kama unavyodhani. Usiache vidonge vya saratani kwa uamuzi wako. Mara nyingi daktari hupunguza dozi, huahirisha siku chache au huongeza dawa ya muwasho, na tiba inaendelea.

8. Jua siku ya kukimbia

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona: homa ya nyuzi 38 au zaidi, midomo au ulimi kuvimba, pumzi kubana, ngozi kubanduka au kutoa malengelenge, vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri, au vidoa vya zambarau visivyofifia ukivibonyeza. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, iwe usiku au sikukuu, na mtu wa kwanza utakayemkuta mlangoni mwambie uko kwenye tiba ya saratani.

Huenda vipele vikaondoka bila kuaga wala kutaja jina. Usilitupe daftari. Dripu ijayo ikitundikwa na mgongo ukaanza tena siku ile ile ya nne, utakuwa na cha kumwonyesha daktari.