Mtoto aunde, kisha aandike

WAZAZI wengi wa mijini wanapowapeleka watoto likizo kwa babu na bibi kule Nandagala, wilayani Ruangwa, huwafungashia madaftari, kisha huwaonya wasipoteze muda kuchezea magari ya waya. Mimi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, na nasema hapo wanatenganisha vitu viwili ambavyo dini yetu imeviweka pamoja.

Sote tunajua kuwa wahyi wa kwanza, katika Suratul-Alaq, umetaja kusoma na kalamu. Lakini Qur'an hiyo hiyo inatueleza kuwa Nabii Nuh (a.s.) aliamrishwa kuunda jahazi. Nabii Daud (a.s.), katika Surat Saba, alilainishiwa chuma akaamrishwa atengeneze deraya na apime sawasawa katika kuunganisha pete zake. Zingatia hilo neno kupima, ndugu msomaji. Ni kazi ya mikono, na ni hesabu.

Wanazuoni wetu walilielewa. Mwaka 1206 Al-Jazari alikamilisha kitabu chake juu ya mitambo, zikiwemo saa za maji na vyombo vya kuvutia maji. Hakuishia kuunda, bali aliandika vipimo na kuchora kila kiungo. Ndiyo maana mwaka 1976, miaka 770 baadaye, saa yake moja iliundwa upya London kwa kufuata maelezo yake. Mafundi wangapi wa zama zile walikufa na ujuzi wao kichwani?

Tena tusiseme hayo ni ya zamani. Jirani zetu Malawi, William Kamkwamba aliacha shule kwa kukosa ada wakati wa njaa ya 2001 na 2002. Akawa anasoma katika maktaba ndogo ya Wimbe. Kiingereza kilimpiga chenga, akafuata michoro ya kitabu cha nishati hadi akaunda kinu cha upepo kwa mabaki ya baiskeli na feni ya trekta, na taa ikawaka nyumbani kwao.

Sisemi mtoto atolewe shule. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka aandikishwe. Nazungumzia saa za nyumbani, jioni na likizo, ambazo mwalimu wake ni wewe.

Basi mtoto akiwa Nandagala mwache aunde gari lake: waya, matairi ya ndala kuukuu, usukani mrefu wa kusukumia. Likishatembea, mpe daftari aandike vifaa, urefu wa kila waya, upana wa tairi, na kipi kilianza. Kisha, na hili ndilo somo lenyewe, daftari apewe binamu yake aunde gari la pili bila kumuuliza mwandishi chochote. Pale binamu atakapokwama pana sentensi mbovu. Mwandishi airudie. (Kalamu nyekundu ya mwalimu haijawahi kusahihisha insha vizuri hivyo.)

Na yule ambaye bado hajui kuandika? Aeleze yeye, wewe uandike mbele yake neno kwa neno, kisha umsomee akiwa anaunda tena. Akisikia "kata ndala" na hakutajwa ukubwa, atasimama mwenyewe na kudai uongeze.