Somo la Usalama Kazini: Usimwite Mwenye Mzigo Akiwa Ngazini



Somo letu la leo linahusu kuanguka. Hatusemi juu ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya paa au mnara, maana ajali ya namna hiyo kila mtu huiogopa. Tunasema juu ya kuanguka kwa kila siku: kuteleza kwenye sakafu ya kiwanda, kukosa ngazi moja wakati wa kushuka, kujikwaa kwenye mfereji wa shamba huku kikapu kimejaa majani ya chai. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na wengi wao wana umri wa zaidi ya miaka 60.

Ukisoma karatasi za ajali, mara nyingi utakuta neno moja: uzembe. "Mfanyakazi hakuwa mwangalifu." Nyapara ameandika, meneja ametia sahihi, na wakati mwingine hata mjumbe wa tawi ametia sahihi yake chini. Kwa wenzetu waliopita miaka 50 neno hilo mara nyingi si la kweli, na mjumbe anayetaka kulipinga lazima ajue mwili unavyofanya kazi.

Tunadhani kusimama si kazi, kumbe ni kazi. Ubongo hupata habari kutoka kwa mashahidi watatu. Shahidi wa kwanza ni macho. Wa pili ni sikio la ndani, ambamo mna mifereji midogo yenye majimaji inayoueleza ubongo kichwa kimeinamia wapi. Wa tatu ni nyayo, viungo na misuli, vinavyosikia ardhi. Ubongo hulinganisha maneno ya mashahidi hao na kuiamuru misuli kabla wewe mwenyewe hujajua. Simama karibu na ukuta, inua mguu mmoja, kisha funga macho. Utaanza kuyumba mara moja, kwa sababu umemwondoa shahidi mmoja tu.

Sasa umri huwadhoofisha mashahidi wote watatu. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea kama theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20. Kwa hiyo taa ambayo kijana wa zamu ya usiku anasema inatosha, kwa mzee ni giza. Chembe za sikio la ndani zinazopima mwendo wa kichwa hupungua. Nyayo hupoteza hisia, hasa kwa mwenye ugonjwa wa kisukari. Misuli hupungua nguvu, na amri ya ubongo huchelewa kufika mguuni.

Mtu atauliza: mbona basi wazee hawaanguki kila siku? Hawaanguki kwa sababu ubongo hulipia upungufu huo. Kijana hutembea bila kufikiri, lakini mzee hutembea kwa kufikiri, hata kama yeye mwenyewe hatambui. Wataalamu wamewavisha watu kofia yenye taa ndogo ambazo mwanga wake hupenya kwenye kipaji cha uso na kuonyesha damu yenye oksijeni inavyoongezeka pale ubongo unapofanya kazi. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo tunayoitumia kuhesabu, kukumbuka na kupanga. Kwa wazee imeonekana mara nyingi kwamba sehemu hiyo iko kazini tayari hata mtu anapotembea tu. Ni kama mshahara uliokwisha kukatwa madeni kabla haujafika mkononi. Likizuka jambo jingine, hakuna akiba. Mshika mbili, moja humponyoka, na kwa mzee kinachoponyoka huwa ni mguu.

Jambo hili lilipimwa katika mji wa Umeå, nchini Uswidi, na matokeo yakatangazwa mwaka 1997. Watafiti waliwaangalia wazee 58 waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee na bado wakiweza kutembea. Walitembea nao na kuanza mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama kila walipoanza kuzungumza. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka. Hakikuhitajika chombo chochote cha bei kubwa, ila macho na subira.

Tuelewe vizuri hapo, maana wengi hukosea. Kusimama ili kujibu si kosa la yule mzee. Ni busara ya ubongo: umeona hauwezi kufanya mawili, ukachagua usalama. Mzee wa Umeå alikuwa na ruhusa ya kusimama. Mfanyakazi wa kiwanda hana. Gunia liko mabegani, mwenzake yuko nyuma yake, mashine inasubiri, na malipo ni kwa kilo.

Katika kiwanda kimoja cha chai mzee alikuwa akishuka ngazi na gunia. Nyapara akamwita kutoka chini: "Mzee, hilo ni la ngapi?" Mzee akageuza kichwa, akaanza kuhesabu moyoni, na mguu ukakosa ngazi. Nyonga ikavunjika. Karatasi ikaandikwa uzembe. Hebu tuhesabu kazi alizopewa kwa wakati ule: kubeba, kushuka, kusikiliza katikati ya kelele za mashine, kukumbuka hesabu, kujibu kwa heshima. Tena gunia lilikuwa limemziba asione miguu yake, na kugeuza kichwa kulilichanganya sikio la ndani. Mashahidi wawili waliondolewa, na akiba ya ubongo ikatumiwa kwa hesabu ambayo nyapara mwenyewe angeweza kuiandika kwa penseli.

Kwa hiyo dai letu la kwanza halina gharama hata shilingi moja: asiitwe mtu aliye ngazini au kwenye ubao wa kupakilia akiwa na mzigo. Anayehesabu awe amesimama mahali pamoja, wala asiwe mbebaji. Ndipo tudai vyuma vya kushikilia, mzigo unaoacha mkono mmoja huru, taa za kutosha, na maji na mafuta kufutwa sakafuni mapema. Palipo na foklifti, pawe na njia ya waenda kwa miguu, ili mtu asilazimike kukwepa gari huku amebeba.

Pendekezo la 162 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1980, linasema kazi na mwendo wake vilinganishwe na uwezo wa wafanyakazi wenye umri mkubwa, na linataja kuwahamisha kutoka malipo ya kipimo kwenda malipo ya muda. Pendekezo halimfungi mwajiri kama sheria, lakini ni hoja nzito mezani. Hapa Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri kuweka mahali pa kazi pawe salama. Nayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi inasema fidia hulipwa hata kama aliyeumia alikuwa na uzembe. Mjumbe akiambiwa "ni kosa lake, hatulipi", ajibu kwa sheria hiyo, na habari ya ajali ipelekwe kwa mwajiri kwa maandishi bila kukawia.

Sasa kuna mtego. Mwajiri akilisikia somo hili atasema: basi tuwaondoe wazee. Tumkatalie. Kijana aliyefanya zamu mbili mfululizo naye hana akiba kichwani, na ngazi isiyo na chuma cha kushikilia humwangusha yeye pia. Mzee ndiye anayejua sauti ya mashine inayotaka kuharibika. Zoezi tutakalolitaja hapa chini ni la kujifunzia katika kikundi, na asiruhusiwe mtu yeyote kulitumia kumwachisha mwenzetu kazi.

Kuhusu mwili wenyewe, usawa hufundishika. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja mwaka 2019 yalionyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Inuka kitini bila kutumia mikono, mara kadhaa kila siku. Tembea kando ya ukuta, kisigino cha mguu huu kikigusa vidole vya mguu ule. Lakini mazoezi hayakaushi sakafu, kwa hiyo tusiyakubali yawe badala ya madai.

Zoezi la kikundi: mwenzenu atembee hatua kumi akiwa na kikombe cha maji, mtu mwingine akiwa kando yake tayari kumshika. Kisha arudie huku akihesabu kurudi nyuma kutoka 50 kwa tatu tatu. Angalieni mwendo, na angalieni maji. Baadaye mjadiliane: katika idara yenu ni nani anayehesabu huku amebeba? Ni ngazi gani isiyo na chuma cha kushikilia? Na katika ajali za mwaka uliopita zilizoandikwa uzembe, nani alikuwa akimsemesha aliyeanguka?