Kushusha alteneta ya Hilux ya zamani bila kusahau breki

Barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale hulishusha gari kutoka vilima vya malisho hadi msituni, na Kibua iko njiani humo. Dereva wa Hilux kuukuu ya dizeli akiona taa nyekundu ya betri imewaka akiwa huku, hana gereji kubwa ya kukimbilia. Vipuri viko Goma. Yeye ana spana zake, fundi wa karibu na saa za mchana zilizobaki.

Wengi huamua kuendelea na safari, na wana sababu. Injini kama 3L ya Toyota, ya lita 2.8, haina plagi za kuchoma mafuta wala kompyuta. Ikishawaka, inataka umeme kidogo tu wa kuiweka wazi valvu inayopitisha dizeli kwenye pampu. Betri nzima ya Ah 70 huibeba kazi hiyo kwa muda mrefu, mradi taa zimezimwa. Taa mbili za mbele za wati 55 hula takriban ampea 9, kwa hiyo giza likiingia betri haivuki usiku.

Tatizo kubwa zaidi liko mgongoni mwa alteneta yenyewe. Pale imefungwa pampu ndogo ya kufyonza hewa, inayozungushwa na shafti ileile, na ndiyo inayoisaidia breki. Alteneta iliyokufa umeme lakini bado inazunguka haidhuru breki. Mkanda ukivuliwa, pampu inasimama. Baada ya kukanyaga mara chache pedali inakuwa ngumu, na dereva anabaki kuzuia gari kwa nguvu za mguu wake. Kwenye miteremko ya Masisi, na mzigo nyuma, huo si ujasiri hata kidogo.

Ndiyo maana mimi husisitiza kupima kabla ya kufungua. Injini ikiwa imezimwa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, injini ikinguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, fundi makini hutazama kwanza mkanda, fyuzi na soketi ya nyaya. Tope la njia hii huingia ndani ya soketi na kuacha kutu ya kijani kwenye pini, na mara nyingine kuisafisha tu kunatosha.

Ikibidi kuishusha, injini ipoe kwanza, kisha waya wa hasi uondolewe kwenye betri. Hapo hakuna mjadala: waya mnene wa alteneta umeungwa na betri moja kwa moja, na spana ikiugusa huku imeegemea bodi, cheche zinaruka. Baada ya hapo hufunguliwa nati ya waya huo chini ya kofia yake ya mpira, na soketi huchomolewa kwa kubonyeza kilimi chake, si kwa kuvuta nyaya.

Sasa mipira. Mmoja ni wa hewa ya breki. Paipu nyembamba huleta oili ya kulainisha pampu, na mpira mwingine huirudisha kwenye injini. Kikopo kiwekwe chini, na washa za shaba za paipu ya oili zisipotee. Bolti ya kukazia mkanda hulegezwa pamoja na ile ndefu ya chini, alteneta husukumwa kuelekea injini, mkanda hutoka. Bolti ndefu ikigoma kwa kutu, ilowekwe dizeli na iachwe. Kuigonga kwa nyundo huvunja sikio la alumini, na sikio hilo halipatikani Kibua. Mkono mmoja uishike alteneta bolti inapotoka, kwa maana ni nzito.

Wakati wa kurudisha, pampu itiwe oili kidogo na washa ziwe mpya. Mkanda ukibonyezwa kwa kidole gumba uzame kama sentimita 1. Waya wa hasi huwa wa mwisho.

Halafu, kabla gari halijasogea, dereva akanyage breki mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, aendelee kuishika, kisha awashe. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu, pampu inafanya kazi. Isipozama, gari libaki hapo hapo mpaka mpira wa hewa ukaguliwe upya. Ndugu dereva, usikubali kulipokea gari lako bila jaribio hilo.